Mzee Bendera, Aliyebaki Msituni Kukusanya Vituo

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika: huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu na kitindamimba wa fundi seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yao. Dada yake mkubwa, ambaye yupo hapa na ametuonya tusiliruke jambo hili, anasema mtoto huyo alizaliwa kimya. Mkunga alimfinya, akalia kidogo kwa heshima, kisha akarudi kulala. Kwa waliomfahamu ukubwani, hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kulala akashiba. Jina lake la kwenye cheti mnalo kwenye jalada la ratiba. Humu tutamwita Mzee Bendera, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na kila mtu, na mtu akimwita kwa jina la kwenye cheti alidhani anadaiwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, isipokuwa siku moja. Mwalimu wa jiografia aliwapeleka darasa zima vilimani, akawapa ramani wawili wawili, akawaambia watafute njia ya kurudi. Wenzake walifika mchana wakala. Yeye alitokea jua likiwa limeshachoka, peke yake, maana mwenzake alimkimbia njiani. Mwalimu alikuwa amejiandaa kumtandika. Kijana akamnyooshea ramani: daraja halipo, kijito kimehama, na njia iliyochorwa inaishia kwenye shamba la mtu mkali. Vyote alikuwa amevisahihisha kwa penseli. Mwalimu aliitazama ile karatasi, akamwambia akale. Chakula kilikuwa kimekwisha. Ndiyo yalikuwa malipo yake ya kwanza katika kazi hii, na yaliyofuata hayakuzidi sana hapo.

Baada ya cheti cha ufundi wa maji, aliajiriwa tarehe 1 Julai 1981 na idara ya maji kama msoma mita. Aliifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2021. Wengi wenu mlimwona mkadhani ni mtu wa kutembea tu. Hamkumwona amepiga magoti nyuma ya mabanda ya kuku, akifuta tope kwenye kioo cha mita, huku mbwa wa mwenye nyumba akimfikiria. Alizijua mita zilizofukiwa kwa makusudi na zilizofukiwa kwa uvivu. Ofisi ilimpa baiskeli nyeusi yenye mnyororo uliokatika kila ulipojisikia, na juu ya baiskeli hiyo ndipo alipojenga ile miguu yake mliyoijua. Jioni alirudi nyumbani hoi, anavua viatu mlangoni, anakaa hapo hapo kizingitini mpaka mtu amruke kupita.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye mita yake ilikuwa imejificha nyuma ya kamba ya nguo. Alipita katikati ya mashuka yaliyoanikwa akatokea upande usiofaa, na binti akamuuliza kama wasoma mita wote hupotea kwenye uwanja wa mtu au ni yeye tu. Alirudi kusoma mita ile mara nyingi kuliko idara ilivyohitaji. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, ambaye leo ni muuguzi, na ambaye utotoni alidhani kila baba ana ubao wa ramani kwenye usukani wa baiskeli.

Hapa inabidi tueleze, kwa sababu tangu msiba uanze watu wanaulizana pembeni. Mchezo wa marehemu ulikuwa mbio za baiskeli za kutafuta vituo msituni kwa ramani. Unaposimama pa kuanzia unapewa ramani ambayo hujawahi kuiona, ina vituo vyenye namba. Hakuna wa kukuonyesha njia. Unachagua mwenyewe, unapanda, unashuka, unatafuta. Kwenye kila kituo kuna kijiti chenye bendera ya rangi ya chungwa na nyeupe, na koleo dogo la kutobolea kadi yako. Ukivipata vyote kwa mpangilio na ukawatangulia wenzako, umeshinda. Ukikosa kimoja, huna lako. Watazamaji hawaoni kitu, kwa kuwa mchezo uko msituni, na wachezaji nao mara nyingi hawaoni kitu kwa sababu hiyo hiyo. Dada yake alipoelezwa mara ya kwanza alisema, "Mdogo wangu, si umuulize mtu njia?"

Mchezo huu aliuleta hapa mhandisi mmoja wa ofisi ya ramani, katikati ya miaka ya tisini. Akahamishwa, akaondoka, akaacha sanduku la dira na kitabu cha kanuni. Sanduku likaangukia mikononi mwa Mzee Bendera, na pamoja nalo klabu yenye watu wachache ambao, wakiketi kwenye benchi moja, benchi lilibakiwa na nafasi. Ukichezwa na wachache kiasi hicho, mchezo hauna wafanyakazi. Lazima mtu achore ramani, lazima mtu aamke alfajiri kufunga bendera, lazima mtu awasubiri waliopotea. Halafu, watu wote wakishapewa mikono na kwenda zao kuoga, lazima mtu arudi msituni kuzikusanya bendera moja moja. Huyo mtu alikuwa yeye. Bendera alizishona mkewe kwa masalio ya vitambaa, na kila mwaka alizifua na kuzipiga pasi, akilalamika kwamba msitu una uchafu kuliko karakana ya magari.

Sasa, kanuni inasema aliyeweka vituo haruhusiwi kushindana, kwa kuwa anajua vilipo. Ni kanuni ya haki na haina huruma. Mashindano ya taifa yalifanyika kila mwaka katika msitu wa kupandwa ulio nyuma ya kiwanda cha matofali, kwa sababu ndiko kulikokuwa na ramani, na ramani ilikuwepo kwa sababu yeye ndiye aliyeichora. Kwa hiyo kila mwaka mtu aliyeujua mchezo kuliko wote alisimama mezani na saa mkononi, akiwaangalia wengine wakitokomea. Hakulalamika. Lakini mkewe alikuwa akimwona, usiku wa kila mashindano, ameketi jikoni na ramani aliyoichora mwenyewe, akipitisha kidole kwenye njia ambazo yeye angezifuata. Alichokitaka kilikuwa kidogo: mara moja tu, vituo asivyovijua, na jina lake kwenye matokeo.

Alipostaafu, klabu ilimpa saa ya ukutani. Mkewe aliitazama ile saa, akamwambia mwenyekiti wa klabu, ambaye kazi yake ni kunyoa, kwamba mwakani vituo ataweka yeye. Mwenyekiti akamuuliza kwa upole kama anajua. Akamjibu kwamba amebeba vijiti hivyo miaka yote hiyo nyuma ya mtu anayeongea peke yake, sasa asipojua yeye atajua nani. Miezi ile Mzee Bendera alipigwa marufuku kuukaribia msitu. Mkewe aliondoka Jumamosi asubuhi na binti yao, akarudi jioni ana majani kichwani, na mumewe amepika. Akimuuliza kwa ujanja kama leo upande wa machimbo kuna tope, alijibiwa ale akalale.

Mashindano yalikuwa tarehe 20 Agosti 2022. Katika kundi la wenye umri zaidi ya miaka hamsini walijitokeza watu sita, na miongoni mwao daktari wa meno ambaye alikuwa amelishinda kundi hilo mpaka amelizoea. Baiskeli yake ilikuwa nyepesi hivi kwamba aliibeba kwa vidole viwili ili watu waone. Alimpa Mzee Bendera mkono, akamwambia asijali, akipotea watamfuata. Mzee Bendera akamjibu kwamba akipotea kwenye msitu ule itabidi wamtafute pia aliyeupanda.

Alipanda vizuri siku ile. Tunajua hivyo kutokana na kadi yake, na kutokana na walinzi wa msitu waliomwona akipita kwenye kona ya kisima kabla ya wote, miguu ikizunguka kana kwamba ana mita za mtaa mzima za kumaliza kabla ya mvua. Alifika mwisho akiwa wa kwanza. Akajitupa chini karibu na gurudumu, akavua viatu, akafumba macho.

Kisha akaja daktari, macho mekundu kwa hasira. Kituo cha kumi na moja, kile cha kabla ya mwisho, hakipo. Alizunguka machimbo yale yote, akainua hadi mawe. Wa tatu akaja na maneno hayo hayo, na wa nne pia. Mwenyekiti akamgeukia mke wa Mzee Bendera akamuuliza mbele ya watu kama kweli alikiweka. Akasema alikiweka, amekifunga kwa mikono yake. Daktari akasema, kwa sauti ile ya kumtuliza mgonjwa, "Mama, si vibaya kukosea. Machimbo yanafanana." Mwanamke huyu hakuwahi kukosa la kumjibu mtu. Sasa alitazama tu mikono yake.

Wakati huo Mzee Bendera alikuwa amefungua begi atoe fulana kavu. Juu ya fulana kulikuwa na kijiti, koleo dogo, na bendera ya chungwa na nyeupe, imekunjwa vizuri mara mbili kama anavyozikunja siku zote.

Alimsimulia mkewe baadaye jinsi ilivyokuwa. Alifika kituoni akiwa hajiwezi, pumzi juu juu, macho yanaona nyota. Alitoboa kadi. Kisha mikono yake, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikifika kwenye kijiti kile mashindano yakiwa yameisha, ikafanya inachokijua. Ikang'oa, ikakunja, ikatia begini. Akapanda akaenda zake.

Hakuna aliyekuwa amemwona. Yeye peke yake katika kundi lake ndiye aliyekuwa na kadi kamili, na mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuandika jina lake. Zipu ya begi ilikuwa nzima. Alikiri kwa mkewe kwamba aliishika, akataka kuifunga. Halafu akasimama, akaenda mezani na soksi zake, akaweka bendera juu ya karatasi ya matokeo.

"Msimsumbue mama," alisema. "Nimeing'oa mimi."

Mwenyekiti alimuuliza alikuwa anaipeleka wapi.

"Nyumbani. Nilikuwa nimechoka, nikadhani mashindano yameisha."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na daktari alicheka kuliko wote, ingawa alianza wa mwisho. Kundi lao likafutiwa matokeo, kama kanuni inavyotaka. Kwenye karatasi iliyobandikwa, mahali pa mshindi pana mstari.

Asitokee mtu hapa leo akasema haikumuuma. Ilimuuma. Wiki kadhaa baiskeli ilikaa ukutani na tope lake. Siku ile, wakiwa njiani kurudi, mkewe alimuuliza kama kweli alikuwa anaongoza. Akasema ndiyo. Akamuuliza, kwa mbali? Akasema kwa mbali sana. Wakatembea kidogo, kisha mkewe akamwambia, "Basi mwakani utapanda bila begi."

Mwakani haikufika kwa namna hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2023 miguu ilianza kuvimba na pumzi ikawa inakatika kwenye ngazi za nyumbani. Daktari wa moyo alimpa dawa na kumkataza baiskeli. Mzee Bendera akamuuliza kama kuna baiskeli ya taratibu. Akaambiwa kuna kiti. Binti yake alizipanga dawa kwenye kisanduku chenye siku za juma, na mkewe alihamishia cherehani chumbani ili amsikie anavyopumua. Usiku alilala ameketi, ameegemea mito, na asubuhi aliamka amechoka kuliko alipolala. Hakuwa mgonjwa mpole. Alisema ugonjwa huu ni kama kusoma mita isiyosomeka: kila siku unapiga magoti na huoni kitu.

Agosti hiyo alipelekwa kwenye mashindano, akakaa kwenye kiti chini ya turubai na blanketi magotini. Mkewe ndiye aliyeweka vituo. Daktari wa meno alishinda, akapokea medali yake, kisha akauliza bendera nani atakusanya. Watu wakatazamana. Akajitolea. Alirudi jua limezama, amechanika suruali, na bendera mbili pungufu. Mzee Bendera alimwelekeza zilipo, kwa mdomo, jiwe kwa jiwe, hakukosea, na daktari akarudi tena msituni kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau chumvi. Mkewe anasema hakumwona mumewe akicheka vile tangu ugonjwa uingie nyumbani. Ilibidi ambembeleze apumue.

Alilazwa mara tatu mwaka uliofuata. Tarehe 2 Septemba 2024, saa kumi alfajiri, moyo ulisimama, binti yake akiwa amemshika mkono na mkewe akiwa anamkunjia shati la kwenda nalo nyumbani, kwa kuwa walikuwa wameambiwa huenda ataruhusiwa.

Marehemu ameacha mjane, dada mkubwa, binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, na klabu ya watu saba ambao wote wanataka kushindana. Mjane anaomba itangazwe kwamba mashindano ya mwakani yapo na vituo ataweka yeye. Daktari wa meno ameomba asiandikwe kwenye kundi lake. Amesema atabaki nyuma kukusanya, ila apewe ramani.

Mzee wetu, umechoka kwa haki. Safari hii mashindano yameisha kweli. Lala, upumzike kwa amani, na usiinuke kufuata chochote.