Maua ya Kabichi Mwitu

Sogeeni, wanangu, na wewe kitindamimba acha kunipepea, baridi inaniingia. Pumzi zimebaki chache kuliko maneno, kwa hiyo anayetaka kulia akalie jikoni.

Shamba la chini, lile la mchanga wa chumvi, ni lenu nyote watatu. Kabichi mwitu zilizojiotea kule ukutani msizing'oe, hata kama majani yake ni magumu kama kandambili, maana ndizo zinazoshika mchanga usituingie mlangoni. Ila zikianza kutoa maua, yakateni kabla hayajafunguka, kila mwaka, bila uvivu. Sababu yake sijawahi kuwaambia, basi sikilizeni.

Shangazi yenu ndiye aliyekuwa mtunza mbegu wa nyumba hii. Aliniambia, "Kaka, kata maua hayo, nyuki watabeba chavua ya mwitu watuchanganyie mbegu." Nikamcheka, nikamuuliza kama nyuki wake hawana adabu ya kukaa kwao. Msimu uliofuata kabichi zetu hazikufunga hata moja, majani yakatanuka tu, machungu, na wote waliochukua mbegu kwetu wakaja juu. Nami, mbele yao, nikasema ni yeye aliyezichanganya kwa uzembe wake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Alifunga mfuko mmoja wa nguo akaondoka, na ninyi nikawakataza kumtaja.

Mwaka wa pili nilitunza mbegu mwenyewe, kwa mikono hii, na kabichi zikatoka vilevile. Siku ile nilijua ni yale maua. Nikaanza kuyakata maua kimyakimya, nikanyamaza miaka kumi na mmoja, kwa aibu tu, hakuna lingine.

Kwa hiyo shamba la juu, lenye udongo mzuri, ni la shangazi yenu, pamoja na chumba cha mbegu na ufunguo wake. Kifungua mimba, usinikunjie uso. Haki ya mtu si zawadi.

Nipeni maji... basi, yatosha.

Mungu awakunjulie riziki, mpendane kuliko nilivyoweza mimi. Sasa nendeni kwake. Msimwambie naumwa, atakuja kwa huruma, na huruma yake siistahili. Mwambieni, "Kaka yako amesema ulikuwa na haki, mwongo alikuwa yeye." Akikataa kuja... msimlazimishe. Ila msiseme ndani. Semeni mlangoni pake... kwa sauti... majirani wasikie.