Familia ya Fundi Saa

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la viatu lililofungwa, na mguu wake uliovunjika tumeuwekea tofali. Hapo hukaa Bosi, ambaye hajawahi kumwajiri mtu. Spana, fundi wa pikipiki. Mama Kahawa na birika lake. Na mimi, ambaye najiona nina akili kuwazidi wote. Pembeni kabisa hukaa Fundi Saa, simu mkononi. Mkewe alizikwa kwao, mbali, na pole tulimpa hapa hapa benchini. Asubuhi hiyo alitutangazia kwamba anauza cherehani ya marehemu, apate ada ya kundi lake la kripto, hizo sarafu za mtandaoni, wale wanaotuma signali: nunua sarafu hii, uza ile.

Spana: Weee! Cherehani ya shemeji?

Fundi Saa: Nisipolipia leo wananitoa. Na nikilipia naingia daraja la juu. Huko signali ni za uhakika.

Spana: Kumbe hizi za chini zilikuwa za kujaribia?

Fundi Saa: Zilikuwa sawa tu. Mimi ndiye nilichelewa kuuza.

Mama Kahawa: Fundi saa mzima unachelewaje?

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Fundi Saa: Ujumbe unaingia alfajiri. Nauleta hapa tuusome pamoja. Tukimaliza kubishana, bei imeshaporomoka.

Ni kweli, alikuwa akifanya hivyo. Angeweza kubonyeza simu akiwa kitandani, lakini alikuwa akisubiri mpaka tufike wote. Nilidhani ni ushamba tu.

Spana: Sikia, kaka. Wenyewe wananunua kwanza. Halafu wanawaambia nyie mnunue, bei inapanda, wao wanauza. Nyie mnabaki na maganda.

Bosi: Hujui biashara wewe. Kuna tajiri mmoja ana simu mia ukutani. Akikohoa tu, bei inashuka.

Spana: Umemwona wapi?

Bosi: Matajiri hawaonekani ovyo. Mimi mwenyewe watu hawanioni.

Mama Kahawa: Mimi nasema hakuna mtu kabisa. Ni mashine inajiandikia yenyewe.

Bosi: Na hiyo mashine ina mkubwa wake, mashine nyingine, iko chini ya bahari. Mawimbi yakichafuka, watu wanafilisika.

Fundi Saa: Mashine haiwezi kuniuliza nimeamkaje.

Bosi akaiacha bahari yake, akamgeukia.

Fundi Saa: Kuna binti wa kundi ananiandikia kila asubuhi. “Umeamkaje, baba?” Wiki iliyopita nilipokuwa na homa aliniambia ninywe maji mengi.

Spana: Halafu akaomba hela.

Fundi Saa: Halafu akaomba hela. Mimi si mtoto, Spana. Najua.

Kweli, wiki hiyo Fundi Saa hakuonekana benchini siku mbili. Bosi alijinyoosha kwenye nafasi yake akasema leo kuna hewa. Hakuna aliyeuliza mwenzetu yuko wapi.

Fundi Saa alitazama saa kwenye simu, akainuka.

Fundi Saa: Ngoja niwahi nyumbani, mteja wa cherehani anakuja.

Akaondoka, kahawa yake ikiwa nusu.

Spana: Jamani, tumzuie. Shemeji ndiye aliyenishonea hii ovaroli.

Bosi: Kwanza tujue hiyo mashine ya baharini ni ya nani.

Tulikuwa bado tunabishana alipofika mama mmoja, tepu ya kupimia nguo shingoni, mkokoteni nyuma yake.

Mama: Hamjambo? Namtafuta fundi saa anayeuza cherehani. Kwake ni wapi?

Bosi aliinua mkono aonyeshe. Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka kukuna shingo. Spana akanitazama. Nikamtazama Mama Kahawa, naye akainamia birika.

Mama: Basi nipeni namba yake nimpigie.

Spana: Tuko naye hapa kila siku, dada. Namba hatujawahi kuihitaji.

Mama: Mbona ajabu! Jana nilipokutana naye sokoni aliniambia nikifika hapa nisihangaike. Kwamba nyinyi ndio ndugu zake, mtanifikisha mpaka mlangoni.

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Spana alisimama, akapiga hatua mbili mbele ya mkokoteni, akasimama tena. Hakujua aelekee kushoto au kulia.