Kliniki Kumi na Tisa, Funguo Kumi na Nane

Ijumaa, tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili alasiri, mratibu wa Umoja wa Kliniki Huru za Mifugo atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari ule ule alioukuta ukutani siku yake ya kwanza, na kustaafu baada ya miaka ishirini na minane, miezi mitatu na siku sita za utumishi. Hesabu hiyo si yetu. Imepigwa na mumewe, mwalimu wa hesabu aliyestaafu miaka minne iliyopita, ambaye amekuwa akizikata tarehe kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu nyekundu, na ambaye ametuonya kwamba ikizidi hata siku moja atakuja ofisini kumchukua mkewe yeye mwenyewe.

Ndugu wanajumuiya, sisi wanafunzi wa udaktari wa mifugo tuliofanya mafunzo kwa vitendo chini yake ndio tuliopewa heshima ya kuandika wasifu huu, na tunaandika bila haya ya kusifu. Watakuwapo watakaosema tumetia chumvi. Waje! Chumvi yote iliyomo humu aliitia yeye kwa maisha aliyoishi. Sisi tumeonja tu.

Alihitimu wakati darasa lao lina wanawake watatu, na mhadhiri mmoja akamshauri kwa upole achague kuku, kwa sababu ng'ombe wana nguvu. Alichagua ng'ombe. Miaka michache baadaye aliajiriwa na Umoja huu, ambao zama zile ulikuwa mhuri, bahasha na watu saba wasiokubaliana juu ya chochote isipokuwa jambo moja: kwamba mwenye kliniki naye huugua, hufiwa na huzaa, na kliniki yenye daktari mmoja hufungwa siku daktari huyo anapolala kitandani. Walimtafuta daktari wa zamu, mtu wa kushika kliniki mwenyewe asipokuwepo. Wakampata yeye, na hawakujua wamepata nini.

Ili mwenzetu msomaji aelewe yaliyofuata, lazima tumpeleke mtaa wa mafundi viatu. Mtaa huo una mteremko, na kwenye mteremko huo zipo kliniki mbili zinazotenganishwa na hatua mia moja hivi. Ya juu ni ya yule tunayemwita Daktari wa Juu. Ya chini, kwa ubunifu ule ule, ni ya Daktari wa Chini. Wawili hawa walikaa dawati moja chuoni na kuazimia kufungua kliniki moja. Walikwisha kununua pipa la rangi ya kijani na vitasa viwili vya kisanduku kimoja, vinavyofunguka kwa ufunguo wa aina moja, kimoja cha mlango wa mbele na kimoja cha mlango wa nyuma. Kisha wakagombana juu ya jina la nani litangulie kwenye kibao. Ndiyo, kibao! Waligawana rangi, waligawana vitasa, kila mmoja akafungua kliniki yake, na tangu hapo wakawa hawasalimiani hata kwa kupiga chafya.

Siku yake ya pili kazini, daktari wetu alikabidhiwa ufunguo wa Daktari wa Juu, aliyekuwa kitandani na homa, pamoja na maelekezo ya maneno saba: mtaa wa mafundi viatu, mlango wa kijani. Alikuja akitokea chini. Akauona mlango wa kijani. Ufunguo ukaingia, ukazunguka, mlango ukafunguka. Kibao kilikuwa kimeshushwa kupakwa rangi upya. Nani angeuliza zaidi?

Dada wa mapokezi, alipofika saa mbili asubuhi na kumkuta mwanamke mwenye koti jeupe akimpima mbuzi joto, alidhani bosi wake hatimaye ameajiri msaidizi. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo na kumwekea chai. Bosi mwenyewe alikuwa shambani tangu alfajiri, mkono hadi begani ndani ya ng'ombe aliyekwama kuzaa. Huko juu, wateja wa Daktari wa Juu walisimama mbele ya mlango uliofungwa mpaka wakachoka, wakasikia kwamba chini mambo yanakwenda, wakateremka na mbwa wao. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule, pande mbili zilikaa benchi moja.

Saa sita mchana Daktari wa Chini alirudi ananuka zizi. Akakuta wateja wa hasimu wake wamejaa sebuleni kwake, na mgeni anamshona mbwa juu ya meza yake, kwa uzi wake, kwa sindano yake. Akavuta pumzi ili angurume. Mgeni, bila kuinua macho, akamwambia, “Kaka, nawa mikono uje unishikie miguu ya nyuma, umechelewa.” Akanawa. Akashika. Wanaomfahamu wanaapa kwamba hajawahi kumtii mtu mwingine kwa haraka namna ile, mama yake mzazi akiwemo.

Ukweli ulipobainika, kelele zilifika hadi kwa mafundi viatu. Daktari wa Chini aliapa mbele ya watu kumi na wanne na mbuzi mmoja kwamba kitasa kile kitabadilishwa kabla ya jua kutua. Daktari wetu aliomba radhi, akanawa, akamaliza chai yake, kisha akauliza kwa utulivu ni mgonjwa gani aliyekufa kwa kutibiwa kwenye mlango usio wake. Juma lililofuata alisimama mbele ya wale waheshimiwa saba na kuwaambia kwamba kosa lile ndilo lililokuwa asubuhi bora kuliko zote katika maisha ya Umoja huu. Akaomba kila mmoja wao amkabidhi ufunguo wa ziada. Asiyeamini wenzake asiwaamini, amwamini yeye.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mama Funguo.

Kwa miaka ishirini na minane amebeba kliniki za watu ndani ya mkoba wake. Mumewe anadai mkoba huo una uzito wa mwanambuzi na umempa mkewe bega moja lililoshuka. Mjukuu wake wa kike huzitambua hatua za bibi kabla bibi hajafika kona ya nyumba. Kasuku wa kliniki ya karibu na stendi alijifunza kuiga mlio wa shada lile la funguo kwa ufasaha wa kutisha, akawa anauiga kila anapojisikia. Na kila alipouiga, wafanyakazi waliruka vitini, wakafuta meza, wakaficha vikombe, wakasimama wima wakimsubiri mtu asiyekuja. Kliniki hiyo imekuwa ikishinda tuzo yetu ya usafi miaka mitano mfululizo. Tunapendekeza mwaka huu apewe kasuku.

Maneno yake ya kazi hayakuzidi matatu. Mwenye kliniki alipopiga simu akilia kwamba amefiwa, au ana homa, au binti yake anaolewa, au amechoka tu, hakuhutubiwa. Aliambiwa, “Niachie ufunguo, nenda.” Daktari mmoja wa kike alishikwa na uchungu wa uzazi akiwa katikati ya kumfanyia paka upasuaji. Simu ikapigwa, Mama Funguo akaingia akiwa bado anafunga vifungo vya koti, akapokea koleo kama mkimbiaji anavyopokea kijiti, akasema maneno yake matatu. Mama na paka walirudi nyumbani salama, kila mmoja na mishono yake.

Tunaulizwa darasani, uhuru wa kliniki ni nini? Tunajibu: uhuru si kibao chenye jina lako. Uhuru ni kuweza kuugua bila kuuza. Uhuru ni kufunga macho ukijua mlango wako umefunguliwa na mtu anayejua mbwa yupi huuma na bibi yupi husahau tarehe ya chanjo. Mama Funguo hakuwahi kuandika hotuba juu ya hili. Alipanga ratiba. Alizifanya kliniki saba zinunue chanjo kwa pamoja na kuzihifadhi kwenye jokofu moja lenye jenereta. Alizishawishi zimiliki kwa pamoja mashine ya kupiga picha za ndani ya tumbo, ambayo aliisafirisha mwenyewe kiti cha mbele, imefungwa mkanda, huku abiria wa kibinadamu wakikaa nyuma na magunia. Leo kliniki ni kumi na tisa. Na iandikwe kwa herufi zinazoonekana kutoka barabarani: katika miaka yote hiyo, haikuuzwa hata moja!

Lakini mwaka huu tulikaribia.

Alipotangaza kustaafu, hofu ilitanda kuliko siku ya mtihani. Yeye akatoa agizo moja la mwisho: kila mwenye kliniki achukue ufunguo wake na kumkabidhi jirani yake wa kazi. Si mratibu tena, jirani. Walinung'unika, wakatoleana vijembe, mmoja akataka jirani yake afanyiwe usaili kwanza, lakini kufikia katikati ya Mei kumi na saba walikuwa wamekabidhiana. Wakabaki wawili. Hatuna haja ya kuwataja.

Na safari hii haikuwa mzaha. Daktari wa Chini ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hali ilikuwa imefika pabaya: alimsifu mteja mmoja kwa paka wake mtulivu, kumbe ni mkoba wa manyoya. Hospitali ilimpangia upasuaji mwanzoni mwa Julai, na wiki sita za kutogusa kisu. Wiki sita, Mama Funguo hayupo, na jirani pekee wa karibu ni mtu ambaye hajazungumza naye tangu enzi za kibao. Wakala wa kampuni moja kubwa, inayochuma kliniki kama mtu anavyochuma nyanya, alikwisha kuja mara tatu akiwa na viatu vinavyong'aa na karatasi zilizo tayari. Daktari wa Chini akatangaza kwamba asipopata wa kumshikia mlango, atatia saini Jumatatu baada ya sherehe hii ya kumuaga Mama Funguo. Tulimsihi Mama Funguo aahirishe. Ndiyo mara pekee tulipomwona akifuta miwani isiyo na vumbi. Kisha akasema kwamba akibaki wiki sita atabaki miaka sita, na kwamba wawili wale wamempitia yeye kama daraja kwa muda wa kutosha.

Wiki iliyopita tulikaa kufunga makabidhiano. Kwenye meza ya ofisi, baada ya zile nyingine kumi na saba kuchukuliwa, ulibaki ufunguo mmoja. Kliniki mbili, ufunguo mmoja! Tulikagua daftari: funguo zilizowahi kuwemo ni kumi na nane tu. Tulihesabu mara tatu. Aliitwa mwalimu wa hesabu. Naye akapata kumi na nane, akatuonea huruma. Tuliujaribu ule uliobaki kwa Daktari wa Juu, mlango ukafunguka. Basi uliokosekana ni wa Daktari wa Chini, katika wakati mbaya kuliko wote, na mikononi mwetu. Tuliandika barua ya kuomba radhi, aya nne, yenye maneno “masikitiko” na “uzembe”. Mama Funguo aliisoma, akakoroga chai yake, akasahihisha koma moja, akasema ipelekwe.

Kesho yake asubuhi Daktari wa Chini aliingia ofisini, barua ameishika karibu na pua, anacheka mpaka machozi yanamtoka kwenye yale macho mabovu. Akaagiza Daktari wa Juu aitwe. Daktari wa Juu akaja, amekunja uso, akisimama upande wa mlango kama mtu aliyekuja kulipa faini.

“Nenda kafungue kwangu,” akaambiwa, “kwa ufunguo wako.”

Daktari wa Juu akajibu kwamba kitasa kile kilibadilishwa miaka ishirini na minane iliyopita, mashahidi wapo.

“Mashahidi waliniona nikiapa. Nani aliniona nikibadilisha?”

Tuliteremka mtaa mzima: madaktari wawili, dada wa mapokezi, mwalimu wa hesabu, mafundi viatu na nyundo zao, na Mama Funguo nyuma kabisa, mkoba ukiwa mwepesi begani. Daktari wa Juu akatoa ufunguo wake mfukoni. Ukaingia. Ukazunguka. Mlango ukafunguka kwa mlio ule ule uliomdanganya daktari mgeni siku yake ya pili kazini. Akabaki ameshika kitasa, haingii, hatoki, huku watoto wa mbwa waliolazwa ndani wakilia. Mwenzake akamtania, “Ingia basi, bwana. Huo ni mlango wako wa nyuma.” Daktari wa Juu akatazama viatu vyake, kisha akauliza wale watoto wa mbwa kule ndani hunywa maziwa saa ngapi.

Tulimgeukia Mama Funguo. Amebeba ufunguo mmoja wa milango miwili miaka yote hii, akijua, na hakusema neno. Alikuwa akitafuta kitambaa kwenye mkoba.

Upasuaji wa jicho la kwanza ni Jumanne. Daktari wa Juu atafungua kote kuwili, na amekwisha kulalamikia mpangilio wa kabati za dawa za huku chini. Karatasi za wakala, zilizo nene na zinazofyonza vizuri, zimetandikwa chini ya watoto wa mbwa wanaoharisha.

Mama Funguo, umetufundisha kushona, kushika, kunawa na kunyamaza. Hilo la mwisho, kama wasifu huu unavyoonyesha, bado tunajifunza. Kwa niaba ya kliniki kumi na tisa zilizo wazi asubuhi ya leo, tunakushukuru. Tunakutakia bega lililonyooka, chai isiyokatizwa na simu, mume asiye na kalenda ya kukata, na mjukuu atakayelazimika sasa kukutambua kwa wimbo. Shada lako liko tupu, milango yako haijafungwa.

Tuachie ufunguo, nenda.