Harufu ya Waridi

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya dirisha la basi, kumbe masikio yote yalikuwa kiti cha mbele, kwa bibi aliyepakata kikapu kitupu cha paka.

“Nilisugua zulia kwa sabuni kali ya mazulia, sikulisuuza,” bibi alimwambia kijana aliyekaa naye. “Nilitaka ile harufu ya waridi ibaki. Leo jioni naletewa mjukuu, ndiyo kwanza anatambaa. Basi paka akalala pale, akaamka anajilamba manyoya yaliyojaa ile sabuni. Nimemkimbiza kwa daktari na kikapu hiki, amenifia mikononi.”

“Pole, bibi. Lakini paka ni paka tu. Shukuru si mtoto.”

“Nishukuru? Tangu babu yenu afariki, nani mwingine alikuwa ananipokea mlangoni?”

Kijana akakuna kichwa.

“Zulia nimeshalitupa,” bibi akaendelea. “Ila mwanangu nimwambie nini? Akijua, ataniachia tena mtoto?”

“Usimwambie, bibi.”

“Na nikikosea tena?”

Basi likasimama. Bibi akashuka polepole, na kikapu kilipompitia fundi usoni, kilikuwa bado kinanukia waridi.