Ijumaa Niliyobaki Mezani

Sogezeni viti, wanangu, mje huku upande wa dirisha, maana sauti yangu haina tena miguu ya kumfuata mtu hadi mlangoni. Wewe kaka mtu, zima hiyo simu. Anayekutafuta atakupata kesho, mimi sina hakika kama kesho nitapatikana. Na wewe binti yangu, muuguzi wetu, dawa iache kwanza kwenye kisahani, kwa sababu ikiniingia mwilini nalala, na leo sitaki kulala kabla sijasema. Kitinda mimba wangu, njoo ukae hapa kitandani, penye miguu yangu. Haya maneno ni ya wote watatu, lakini yameniwasha kooni kwa ajili yako.

Nianze na mali, kwa kuwa mali ndiyo inayomfungua mtu masikio, na sisemi hivyo kwa kuwatukana. Hata mimi baba yangu alipokuwa anaagana nasi nilisinzia kwenye mawaidha nikazinduka alipofika kwenye mipaka ya kiwanja. Nyumba hii ni yenu watatu, na isiuzwe mpaka ipite miaka mitatu. Gari ni la kaka mtu, pamoja na kelele zake zote. Cherehani, kabati na vitu vyote vya mama yenu ni vya muuguzi, ambaye alimwosha na kumlisha wakati sisi wengine tukiulizia hali kwa simu kutoka makazini. Chumba cha nyuma, kile chenye mlango wake wa nje, ni cha kitinda mimba. Akae humo bila kulipa chochote, awe na kazi au asiwe nayo, na mtu asimhesabie miezi.

Vile vyumba vinne vya kupangisha vya mtaa wa pili, ambavyo kaka mtu najua umeshavipigia hesabu kichwani, si vyenu. Ni vya mjomba wenu Penseli.

Usikunje uso, baba. Kaa. Nimesema kaa.

Najua mmekua mkisikia kwamba mjomba wenu ni mwizi. Nani aliwaambia? Mama yenu hakuwaambia, maana jina la kaka yake lilimkwama kooni tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Jirani hakuwaambia. Niliwaambia mimi, kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi chakula cha mgonjwa, leo neno na kesho neno, mpaka mkawa mnavuka barabara mkimwona amechuchumaa anaziba pancha pale kwenye kona yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanangu, na mimi kifo kimeshanikalia kwenye mbavu. Sikilizeni basi nijiumbue mwenyewe kabla hakijaniumbua.

Tuliajiriwa wiki ileile moja, mimi na yeye, kwenye kiwanda cha saruji, chumba cha uhasibu kilichokuwa nyuma ya stoo. Meza zetu ziligusana. Vumbi la saruji lilipenya kila mahali, kwenye mafaili, kwenye chai, kwenye kope. Ukifuta jina la mteja kwenye kitabu unakuta na vidole vyako vimejiandika. Yeye tulimwita Penseli kwa sababu alikuwa akiibana sikioni asubuhi na kusahau, akaenda nayo nyumbani, akalala nayo. Mkubwa wetu tulimwita Kikohozi. Alikuwa akikohoa mara mbili kwenye ujia kabla ya kuingia, na mpaka leo, mtu akikohoa nyuma yangu, mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Kazi ile ilitutafuna. Kila mwisho wa mwezi hesabu zilikuwa hazikubaliani, na Kikohozi alikuwa anarusha karatasi sakafuni ili tuinuke tukaziokote. Mwezi wa tatu nikaanza kuamka na meno yakiuma kwa kuyasaga usingizini. Mwezi wa nne Penseli alisimama katikati ya kujumlisha, akatoka nje, nikamkuta ameweka kichwa kwenye ukuta wa stoo, halii, amekiweka tu. Tukaambiana ndiyo kazi, kila mwanzo ni mgumu.

Mwezi wa tano ndipo ikaja ile karatasi. Tulitumwa kuhesabu mifuko ya saruji stoo, tukahesabu mara tatu, tukakuta upungufu wa mifuko mia mbili na sitini. Kikohozi akaisoma hesabu yetu, akaikunja, akaitia mfukoni, akatuwekea nyingine mezani iliyokwisha kujazwa, na mifuko yote imo. Alituambia tusaini kama watoto wazuri. Halafu, mtakaponiona mjinga mkumbuke nilikuwa na miaka ishirini na minne, akatuonyesha karatasi za miezi iliyopita, ambazo tulizisaini wote wawili bila kuhesabu mfuko hata mmoja, kwa kuwa alisema ni utaratibu tu.

Jumatano hiyo tulikaa kwenye benchi la walinzi na kukubaliana. Ijumaa tungepeleka barua za kuacha kazi, mimi na yeye kwa pamoja, na kwenye barua tungeandika habari ya ile mifuko. Aliyefikiria hivyo ni mimi. Yeye alitaka tuondoke kimya kimya; mimi ndiye niliyemwambia wawili hawaitwi waongo.

Ijumaa ilipofika barua yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Lakini zilikuwa zimebaki wiki tatu nimuoe dada yake, na usiku wa kuamkia siku ile baba yangu alikuwa amenionya kwamba hajawahi kuona mwanamume anayeacha kazi ili aanze ndoa. Simsingizii marehemu. Mguu wa kuinuka ulikuwa wangu. Kikohozi akakohoa mara mbili, akaingia. Penseli akainuka, akampa barua yake, kisha akanigeukia kuningoja. Nikafungua droo. Nikaanza kutafuta kifutio. Nilikitafuta kifutio kile, wanangu, mpaka nikasikia hatua zake zinaishia nje, na kilikuwa mkononi mwangu muda wote.

Barua ile Kikohozi aliichana. Baada ya wiki mbili wakaja wakaguzi, wakaukuta ule upungufu, wakaniita kwenye chumba kidogo chenye feni mbovu. Mmoja wao, mtu mpole, akaniuliza, “Stoo alikuwa anahesabu nani?”

Nikasema, “Yeye, aliyeondoka.”

Basi. Sikuongeza na sikupunguza. Asiyekuwapo na lake halipo, na kwa kuwa alikuwa ameondoka ghafla, kuondoka kwenyewe kukawa ushahidi, na sahihi yangu kando ya yake hakuna aliyeiuliza. Alifungwa miaka miwili. Alipotoka hakuna ofisi iliyomkubali hata kufagia, na vidole vile vilivyokuwa vinajumlisha ukurasa mzima bila mashine vikajifunza kubandika viraka kwenye tairi za baiskeli. Mama yenu alimlilia kaka yake, kisha akaona haya, kisha akaacha kumtaja, na kwenye kilio kile mimi ndiye niliyemshika bega. Nilimwoa kwa machozi niliyomliza mwenyewe.

Siku tulipomzika mama yenu, mjomba wenu alisimama mbali, nje ya uzio, na hakuna aliyemwendea. Na mama yenu, wiki yake ya mwisho, kwenye kitanda hiki hiki, aliniuliza, “Hivi ni kweli kaka yangu aliiba?” Nilimwambia apumzike. Miaka thelathini na saba nilikuwa nimengoja aniulize, na nilichompa ni kumwambia apumzike.

Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Wiki iliyopita nilimtuma muuguzi akamwite. Waambie mwenyewe, mama, au ngoja, nitasema mimi. Alimkuta anafunga vifaa vyake, akamweleza kwamba baba yuko ukingoni na ana jambo la kutubu. Mjomba wenu akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasema, “Mwambie nimesikia. Kuja sitakuja.” Nilitaka kukasirika nikakuta sina haki. Msamaha si deni langu la kudai. Hivyo msiende kumbembeleza aje kwenye mazishi, na msimpelekee hati za vile vyumba kama watu wanaonunua salamu. Mpelekeeni kwa sababu ni vyake. Akizitupa, ziokoteni, mrudi mwezi unaofuata.

Sasa nije kwako, kitinda mimba. Jumapili ile uliyokuja, ulikaa pale alipokaa dada yako, ukaniambia umetimiza miezi minane kwenye ofisi yenu, na kwamba kila mwisho wa mwezi unatapika chooni kabla hujawasha kompyuta, na nywele zinabaki kwenye kitana. Nikakujibu kwa methali, mvumilivu hula mbivu, kaka yako akaongeza kwamba kazi siku hizi zinatafutwa kwa tochi, tukaridhika kama wazee waliokata kesi. Kisha ukasema polepole, “Baba, kuna karatasi wananipa nisaini, na vitu vyenyewe sijaviona.”

Nilifumba macho. Ulidhani dawa imenichukua, ukanivutia shuka, ukatoka kwa ncha za vidole. Sikuwa nimelala, mwanangu. Nilikuwa macho kama nilivyo sasa. Nilitafuta kifutio.

Lile neno langu la uvumilivu nimelirudisha, mbele ya ndugu zako. Lakini sikwambii uache kazi. Atakayekwambia kwamba mtu mwema akiinuka tu mezani milango inafunguka, huyo hajawahi kuinuka. Mjomba wako aliinuka, na unajua anakaa wapi. Mimi nilibaki. Nilipata nyumba, nikasomesha watatu, nikarithi kiti cha Kikohozi mwenyewe, na pamoja nacho nikapata vidonda vya tumbo na mkono uliozoea. Karatasi ya kwanza niliisaini nikitazama mlango. Ya kumi niliisaini huku nabishana na mtu habari za mpira.

Jiulize wewe mwenyewe kinachokutapisha. Kama ni uchovu, uchovu una dawa, omba likizo, ulale, ule, urudi. Mwaka wa kwanza wa uhasibu humtoa machozi hata mwenye kipaji, na hakuna aibu katika kuwa mgeni wa kazi. Lakini kama ni karatasi, la kuvunda halina ubani, na mshahara haujawahi kuwa ubani. Ukiamua kubaki, ikatae sasa ungali mpya, kwa sababu mgeni akikataa huitwa mjinga, ila mwenyeji akikataa huulizwa zile za nyuma alisaini kwa nini. Na ukiamua kuondoka, usiondoke kama mjomba wako, mikono mitupu na moyo mweupe. Andika ulichokikuta na unachokiacha, weka tarehe, anayepokea aweke sahihi, nakala moja ubaki nayo na nyingine ifungiwe kwenye kabati la dada yako. Usimngoje mwenzako wa kuinuka naye. Hata akiwa anakupenda. Hata akiwa ni yeye aliyeshauri.

Kaka mtu, mdogo wako akija kukwambia hana kazi, mfungulie mlango, umpe chakula, na habari ya ada uliyomlipia uimeze. Nakuomba kama baba, na kama huwezi kwa kuombwa, nakuamuru.

La mwisho ni zito, na ninyi ndio mtakaolibeba. Wakili ana barua yangu ya kukiri, nimeisaini mbele yake nikiwa na akili timamu. Isomwe kabla sijafukiwa, watu wakiwa bado wamesimama, wazee wa kiwandani wakiwapo, na majirani waliomwona mjomba wenu nje ya uzio. Isomwe na kaka mtu, kwa sauti, jina langu na la mjomba wenu. Najua mtaona haya. Mtaona haya kwa siku moja tu. Yeye ameibeba miaka arobaini na mitatu. Mtu asiseme wosia wa mgonjwa hauna maana.

Nishikeni mikono. Wote. Ah... imekuwa baridi, eti? Mungu awape riziki isiyowalazimu kutazama pembeni. Wewe mwanamume, awape watoto wako ujasiri wa kukubishia. Wewe muuguzi, akulipe kwa kila usiku uliokaa macho, mimi sikuwa na cha kukulipa. Na wewe mdogo... akupe usingizi. Akurudishie nywele zako. Mpendane. Mkigombana, gombaneni waziwazi.

Naona mdomo wako unataka kusema, kitinda mimba. Usiseme. Mtoto husoma uso wa baba kabla ya kusoma moyo wake mwenyewe, mimi nalijua hilo, lilinipata. Ukisema unabaki, uso wangu utafanya kitu. Ukisema unaondoka, utafanya kingine. Halafu utakaa miaka unaufuata uso wa... wa maiti.

Nigeuzeni. Ndiyo, upande wa ukutani. Taratibu, huo mguu... muuguzi, huo mguu. Hapo.

Hapo pazuri.

Sasa amua, mwanangu. Baba hakuoni.