Safari Hii Mwalimu Hategi Mtu

Ndugu waombolezaji, kabla ya lolote, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayewasomea, anakiri mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba, akiwa kando ya kitanda cha hospitali na simu ya dada yake mkononi, alipigiwa na mtu wa sauti ya upole aliyejitambulisha kuwa fundi wa kampuni ya simu, akaombwa namba za siri zilizokuwa zimeingia kwa ujumbe, naye akazisoma moja moja, kwa heshima, kama mtoto anayesoma ubaoni. Kwa nini hili limetangulia, mtaelewa mbele.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari hadi 1986, kisha chuo cha uhazili, na mwaka 1989 akaajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya shule ya sekondari, ambako vidole vyake vilikwenda mbio kwa kelele juu ya taipureta hata mkuu wa shule akawa anafunga mlango ili asikie anachofikiri.

Mwaka 2001 shule ililetewa kompyuta sita, zikawekwa stoo na kufunikwa shuka, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyethubutu kuzigusa, ndipo marehemu akaomba ufunguo, akajifunza kwa kukosea, akaenda kozi, na kuanzia Januari 2003 akafundisha somo hilo mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani. Aliwaambia wanafunzi kwamba kivinjari ni mlango wa kutokea kwenda mtandaoni, si nyumba ya kulala, kwamba nakala rudufu ni mbegu uliyoitenga kabla panya hajaja, kwamba kirusi hakipigi hodi, bali tapeli hupiga, tena kwa sauti ya mtu unayempenda, na kwamba nywila, yaani neno la siri, haina shemeji wala wifi.

Kila muhula alitunga barua pepe ya uongo, mara zawadi, mara matokeo ya mtihani, akawatumia wanafunzi bila kuwaonya, na aliyebonyeza kiungo alikutana na picha ya mwalimu ameshika mwiko, chini yake maneno, "Umeliwa, mwanangu. Ulimpigia nani kuuliza?" Kanuni yake ilikuwa moja, ujumbe ukikushtua, sikia sauti kwanza. Wakamwita Mwalimu Mtego, na hata waliokwishamaliza shule, wenye kazi na watoto, aliendelea kuwatega katika kundi lao la simu, wengine wakimjibu, "Leo hukunipata, Mwalimu," naye akiwaandikia, "Kesho ipo."

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na dereva wa lori, huyu aliyekaa hapa mbele, aliyenaswa na mitego hiyo mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote, akawa anasema wenzake wameoa mke, yeye ameoa mtihani. Mungu akawajalia binti, ambaye naye alisoma kwa mama yake, na kijana wa kiume aliye fundi umeme.

Februari 2023 marehemu alianza kuugua figo, akatibiwa kwa muda mrefu, na asubuhi ya Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024 Mungu akamchukua, mdogo wake akiwa ametoka kidogo kwenda kujaza chupa ya maji.

Kwa zile namba zilizosomwa, tapeli alikuwa ameingia katika akaunti ya marehemu ya ujumbe wa simu na kumfungia nje mwenyewe, kisha kwa jina lake akawatumia wanafunzi wa zamani kiungo, akisema ni picha zake za hospitalini. Baadhi walicheka wakidhani ni mtego wa mwalimu, wengine wakabonyeza kwa mapenzi, nao wakaibiwa akaunti zao. Marehemu alipofariki, mdogo wake alitangaza msiba katika kundi lile kwa simu ya binti, lakini kwa kuwa mwalimu alishawahi kuwatega kwa simu hiyohiyo, majibu yalikuja, "Hatubonyezi." "Mwalimu, hili umezidisha." "Safari hii umeliwa wewe." Na juu ya majibu hayo jina la marehemu likatokea, na pembeni yake, "anaandika." Mdogo wake, aliyekuwa ametoka kuuosha mwili, alitazama mpaka kioo kikazimika chenyewe, hakulia, akarudi kuosha vikombe.

Wawili tu walipiga simu kusikia sauti, ndio wale waliokaa karibu na mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuchotea maji, na walimu wenzake waliobeba vipindi vyake bila kunung'unika. Dada, kazi umeimaliza, lala salama mikononi mwa aliyekuumba.

Nanyi mlio hapa, mdogo wake anawaomba, ukiletewa ujumbe wowote wenye jina la marehemu, usiujibu wala usibonyeze kitu, na kabla hatujaenda kaburini, kila anayemfahamu mwanafunzi wake mmoja atoke nje ampigie, asimwandikie, ampigie asikie sauti, amwambie kwamba ni kweli.