Tupange Kwanza au Tuhariri Kwanza?

Benchi letu liko nje ya banda la wanaume, karakana ya wazee wa kujitolea hapa Geeveston, mji mdogo wa bondeni; linatazamana na uwanja wa nyasi ambako wenye umri wao hucheza mchezo wa kuviringisha mipira wakiwa wamevaa meupe. Ndani ya banda tunatengeneza viti na kompyuta zilizotupwa. Kwenye benchi tunatengeneza dunia. Birika la kahawa ni la umeme, kubwa, na halina mwenyewe. Majina ya huku hutolewa kinyumenyume na hayana rufaa: Mdogo ndiye aliyevunja benchi la kwanza kwa kulikalia, Bluu alikuwa na nywele nyekundu kama moto kabla hazijamkimbia, na Haraka hajawahi kuwahi kitu maishani. Siku hiyo Haraka alikuwa amechelewa kuliko kawaida. Jumamosi anatimiza miaka hamsini ya ndoa na mkewe Dot, na fundi wa Hobart atakayemchapia picha kubwa ya ukutani alikuwa anafunga oda saa tisa alasiri. Kompyuta ya Haraka niliiwekea mfumo wa Linux mimi mwenyewe, baada ya wenye mfumo wa zamani kuitangaza maiti. Ilibaki kuchagua programu, tena moja tu, maana mtandao wa bondeni huingia kwa matone.

— Semeni, nikawaambia. Nishushe digiKam ya kupanga picha, au GIMP ya kuhariri? Sina siku nzima.

— Ya kupanga, akasema Mdogo, ambaye umri wake wote amefungasha tufaha. Huwezi kung'arisha tunda ambalo hujalitoa kwenye rundo.

— Ya kuhariri! akadakia Bluu, mnyoosha bodi za magari mstaafu. Picha za Haraka zote ni ajali. Krismasi ile alinipiga nikatoka goti tupu.

— Lilikuwa goti zuri, akasema Haraka.

— Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka, akasema Mdogo. Kwa hiyo tupange.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Imeshaingia. Haraka, una picha ngapi?

— Elfu kumi na moja. Au zaidi.

— Basi! Programu inazipanga kwa tarehe. Unabonyeza mwaka unaoutaka, Dot huyo anatokea, tunakunywa kahawa.

Nikafungua folda ili nione hizo tarehe. Picha ya kwanza: tarehe moja Januari. Ya pili: tarehe moja Januari. Nikashuka chini, nikashuka tena. Januari, Januari, moja, moja.

— Haraka, kamera hii uliiwekea saa?

— Kila nikibadilisha betri ilikuwa inaniulizauliza tarehe. Nikawa nabonyeza sawa.

— Na zile za zamani, za filamu?

— Nilizilaza kwenye meza ya jikoni, nikazipiga upya kwa kamera hiyo hiyo.

Bluu alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

— Umeoa, umezaa watatu, umezika mbwa wanne, umepaua nyumba, yote siku ya Mwaka Mpya! Ndiyo maana umechoka, ndugu yangu!

Mdogo hakutikisika. Mtu wa uzito ule hutikisika kwa shida.

— Tarehe si kitu. Programu inatambua sura. Unaionyesha Dot mmoja, inakuletea Dot wote.

— Dot anavaa kofia, akasema Haraka. Sura haionekani.

— Basi tunampanga kwa kofia! Ndogo, ya kati, kubwa, kama tufaha. Zilizochubuka zinakwenda kwenye juisi. Tukimaliza Dot tunapanga mji mzima. Halmashauri nayo tuipange, tuone nani anakwenda kwenye juisi!

— Wewe ndiye wa juisi, akasema Bluu. Sikiliza, Haraka. Chema chajiuza, kibaya chahaririwa. Nipe GIMP nusu saa tu. Kofia naitoa. Upepo nautoa. Dot namnyoosha mikunjo yote ya uso...

— Mikunjo usiiguse.

Haraka alisema hivyo kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. Kisha akapoa:

— Mingine nimeisababisha mimi.

— Haya, mikunjo ibaki. Nyuma naweka theluji ya milima ya Hartz. Mbele naweka twiga.

— Twiga wa nini?

— Watu wajue mlisafiri!

— Hatujavuka hata bahari kwenda Melbourne.

— Ndiyo maana unahitaji twiga!

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi nikiona watu wazima wanabishana kuhusu twiga huku saa inakwenda, siwezi kunyamaza.

— Nyie wazee! Picha usiyoiona huwezi kuihariri. Na picha mbovu, hata uipange vipi, ni mbovu iliyopangwa. Haraka, ndoa ni yako. Wewe unataka nini?

Alizungusha kikombe chake kwanza.

— Dot hakutaka sherehe. Alisema watu watakula pai, watasema maneno, watakwenda zao. Ili akubali, nikamwahidi kitu kimoja: akiingia ukumbini ataona ukutani picha moja ya kumfanya acheke. Nisipoiweka, nitakuwa nimemburuta kwenye pai bure.

Na Dot tunamjua. Akisema hacheki, hacheki mpaka mwakani.

Wakati huo mama mmoja akaja na kiti kilichovunjika mguu. Alikuwa Marivic, muuguzi mpya wa zahanati, Mfilipino, mwezi wake wa kwanza bondeni. Alisimama kando na kiti chake, akasikiliza kofia, juisi na twiga mpaka mwisho.

— Samahani, wazee wangu. Katika hizo elfu kumi na moja, ni ipi yenye mume na mke wote wawili?

Nikashuka tena kwenye folda: Dot, Dot, mbwa, Dot. Haraka sikumwona.

— Ile ya arusi..., nikaanza.

— Kaka yangu alipiga, akasema Haraka taratibu. Mkanda ukaungua na jua kwenye gari. Baada ya hapo kamera nimeshika mimi.

— Na mkeo yuko wapi saa hizi?

Haraka akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. Dot alikuwa ameinama uwanjani na mpira wake. Mdogo akasimama, benchi likapumua, akaita kwa sauti ya kuangusha tufaha:

— DOT! NJOO, MUMEO ANAKUHITAJI!

— ANAUMWA? Dot akajibu.

— HAPANA!

— BASI ANGOJE!

Alikuja alipomaliza zamu yake, kofia imekaa upande, nyasi magotini, akiuliza nani amekufa. Marivic akamsimamisha mbele ya banda, akamsukuma Haraka ubavuni kwake, akatoa simu.

Na hapo ndipo tulipoona jambo. Haraka hakujua mikono yake aipeleke wapi. Aliinua yote miwili hadi usoni, vidole vikiwa vimekunjwa kwenye kamera isiyokuwapo. Dot akamtazama, akaangua kicheko, akamshika mikono, akaishusha.

— Weka hapa, Merv, akasema, akimwita kwa jina lake halisi, akaizungusha kiunoni mwake. Umenipiga picha miaka yote hii kama ng'ombe wa mnada. Leo nishike.

Marivic akabofya, simu ikalia.

Tukasongamana kuiangalia. Picha imepinda kidogo. Kofia iko upande, Dot mdomo wazi, Haraka macho yamemtoka kama aliyepewa nyumba. Marivic akaituma kwa fundi wa Hobart hapo hapo.

— Ningeweza kuinyoosha kidogo tu, Bluu akanong'ona. Na hizi nyasi za magotini...

— Iguse uone, akasema Dot, akarudi kwenye mchezo wake na mume mkononi.